Maji Yanatoka Kilombero: Shajara ya Mradi wa Kupanga Misimu, Rufiji ya Chini

Julai: nani analala wapi, mwezi gani

Kazi iko katika vijiji vinne vya ukingo wa kaskazini wa mto Rufiji, kati ya Mloka na Daraja la Mkapa. Kila kijiji kinatakiwa kufika Desemba kikiwa na mpango wa msimu wenye maamuzi, tarehe na alama za mto, ulioandikwa na wanakijiji na kupitishwa na mkutano mkuu wa kijiji. Ramani ya maeneo hatarishi wanayo tayari, imebandikwa ofisini kwa mtendaji. Ramani peke yake haimvushi mtu mto.

Mpango wowote wa bonde hili ni lazima uanzie kwenye jambo moja la kihistoria. Baada ya mafuriko ya 1968 serikali iliendesha Operesheni Rufiji, watu wakahamishwa kutoka bondeni kwenda ardhi ya juu. Nyumba zilihama, mashamba yakabaki. Udongo mzuri uko bondeni, mwingi wake ng'ambo ya mto, na mkulima bado analifuata shamba lake huko huko. Kuanzia Desemba hadi Juni familia nyingi zinaishi kwenye madungu, yaani vibanda vya miti vilivyoinuliwa juu ya nguzo, zikilinda mpunga dhidi ya ndege, nguruwe pori na tumbili. Kwa hiyo daftari la makazi linaonyesha kaya zote ziko juu, salama, wakati Aprili, mto unapojaa, sehemu kubwa ya watu hao wako chini. Tahadhari inayotolewa kwa kufuata daftari la makazi inafika kwenye nyumba zilizofungwa kufuli.

Ndiyo maana kazi ya kwanza ni daftari jingine, daftari la madungu. Kila mstari una jina la mkuu wa dungu, kitongoji anakotoka, idadi ya wanaolala pale (watoto chini ya miaka 5, wajawazito, wazee na wenye ulemavu kwa safu zao), kivuko wanachotumia, dakika za kutembea hadi kivukoni, mtandao wa simu unaoshika pale, na kama kuna mtumbwi. Safu ya mkuu wa dungu ijazwe kwa kuuliza "nani analala hapa kila siku", si "nani mwenye shamba". Mwenye shamba mara nyingi yuko Ikwiriri kwenye biashara au yuko mtoni anavua, na anayelala dunguni ni mama au bibi na wajukuu. Ukiandika simu ya mwenye shamba, ujumbe unamfikia mtu aliyeketi mahali pakavu.

Daftari la Julai ni la mdomo tu, kwa sababu madungu mengi sasa ni matupu au yana watu wachache wa mlau, yaani kilimo cha kiangazi kwenye unyevu unaoachwa na mafuriko. Litarudiwa Januari kwa miguu.

Julai, wiki za mwisho: mafuriko ya kula na mafuriko ya kukimbia

Mikutano ya vitongoji imeanza kwa mstari wa nyakati. Wazee wanaitaja miaka kwa mpangilio: 1968, 1974, mvua za El Niño za 1997/98, kisha Aprili 2024, wilaya za Rufiji na Kibiti zilipofurika. Kwa kila mwaka yanaulizwa maswali matatu: maji yalifika wapi, yalikuja mwezi gani, yalikaa muda gani. Mashahidi watatu wanaulizwa kila mmoja peke yake, kila mmoja anaonyesha alama yake kwenye mti au ukuta. Zikitofautiana kwa zaidi ya nusu mita, alama hiyo inaandikwa kwa penseli hadi apatikane shahidi wa nne. Tofauti kubwa kwa kawaida inatokana na kuchanganya miaka. Ulizia zao lililokuwa shambani siku hiyo, kumbukumbu inanyooka.

Jambo linalojitokeza katika kila kitongoji, na ambalo wageni wengi wanaolijia bonde hili hawalitarajii, ni kwamba hakuna anayetaka mafuriko yaishe. Maji yakipanda Machi na Aprili, yakakaa kiasi na kushuka Mei, yanaacha unyevu na tope. Hapo ndipo unapolimwa mlau: mahindi, kunde, maboga na mboga zinazopandwa kwa kuyafuata maji yanavyorudi, na kuvunwa kiangazi bila tone la mvua. Mwaka usio na mafuriko ni mwaka wa njaa ya Septemba. Maji mabaya ni yale yale, yakija Februari mpunga ukiwa mfupi, au yakipanda juu ya sakafu ya dungu usiku. Mpango unaozungumzia kuzuia mafuriko tu unakataliwa kimyakimya, hata ukipigiwa makofi mkutanoni. Tangu wiki hii fomu zote zina safu mbili: maji tunayoyahitaji, na maji tunayoyakimbia.

Agosti: vipimo viwili, mvua na mto

Vipima mvua vimewekwa, kimoja kila kitongoji. Pale ambapo cha kiwandani hakipo, kinatumika chombo cha plastiki chenye mdomo wa duara ulionyooka na faneli iliyobana, ili maji yasitoke kwa jua. Hesabu ni rahisi: mililita za maji gawanya kwa eneo la mdomo kwa sentimita za mraba, zidisha kwa 10, unapata milimita za mvua. Mdomo wa kipenyo cha sentimita 16 una eneo la sentimita za mraba 201. Ukikuta mililita 402, mvua ni milimita 20. Kwa kipimo cha kawaida cha sentimita 12.7, kila mililita 12.7 ni milimita 1.

Nguzo iko mahali pa wazi, umbali usiopungua mara mbili ya urefu wa mti au paa lililo karibu. Mdomo uko mita 1 kutoka ardhini ili mbuzi na matone yanayoruka yasifike. Kichwa cha nguzo kimekatwa mshazari, na mdomo wa chombo umepita juu yake kwa sentimita 10. Nguzo yenye kichwa bapa inarusha matone ndani ya chombo. Kusoma ni saa 3 asubuhi kila siku, saa ile ile inayotumika vituoni kwa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, vinginevyo takwimu za kijiji haziwezi kulinganishwa na za mtu mwingine.

Daftari la mvua linaharibiwa zaidi na mambo mawili. Kwanza, siku isiyo na mvua inaachwa tupu badala ya kuandikwa 0. Baada ya miezi miwili hakuna anayejua kama tupu ni ukame au ni msomaji aliyekwenda msibani. Pili, msomaji akirudi baada ya siku tatu anaandika maji yote kama mvua ya siku moja, na kitongoji kinaonekana kilipata gharika. Sheria iliyowekwa: jumla ya siku kadhaa inaandikwa ndani ya mabano, pamoja na idadi ya siku. Kila kipimo kina wasomaji wawili wa nyumba jirani.

Vibao vya mto ndivyo vilivyochukua nguvu kubwa. Ukingo wa Rufiji ni mrefu na unamomonyoka, ubao mmoja mrefu hausimami. Umejengwa mfululizo wa vibao vya mita 2 vinavyopanda ukingo kama ngazi, mbao ngumu za sentimita 10 kwa 5, kila kimoja kikizikwa sentimita 80 na kushikwa kwa zege. Sehemu inayobaki juu ni sentimita 120, na kichwa cha ubao wa chini kinapishana na mguu wa unaofuata kwa sentimita 20. Rangi nyeupe ya mafuta, mistari myeusi kila sentimita 5, namba kila sentimita 20, zenye ukubwa wa kusomeka kutoka juu ya ukingo. Hilo la mwisho ni la usalama: mamba na viboko wapo, hakuna msomaji anayetakiwa kushuka majini.

Kulinganisha urefu kumefanywa kwa bomba la plastiki linaloonyesha maji ndani, lile la mafundi uashi, mita 20. Bomba linajazwa maji, mapovu yote yanatolewa kwa kuligonga taratibu, ncha moja inashikwa kwenye alama ya msingi na nyingine kwenye ubao. Maji yakitulia, ncha zote mbili ziko kimo kimoja. Povu moja likibaki ndani linaweza kupotosha kwa sentimita kadhaa. Alama ya msingi ni msumari mnene ndani ya zege la jengo la shule au zahanati, kamwe si kwenye mti wa ukingoni, kwa sababu mti huo unaweza kuondoka na mto. Gogo likivunja ubao, mwingine unasimamishwa kwa kupimwa kutoka kwenye msumari, na rekodi haikatiki.

Rangi za hatari zimepakwa pembeni mwa namba: njano, machungwa, nyekundu. Baadhi ya vitongoji vilipendelea kijani, bluu na nyekundu. Tumesisitiza zifanane na za TMA, ambayo hutumia njano kwa angalizo, machungwa kwa tahadhari na nyekundu kwa tahadhari kubwa. Mtu akisikia machungwa redioni na akaona bluu mtoni, anaanza kubishana badala ya kufunga mizigo.

Kimo cha kila rangi hakikutolewa kwenye kitabu. Njano ni pale maji yanapoingia kwenye mifereji ya asili inayopeleka maji mashambani. Machungwa ni sentimita 30 chini ya sehemu ya chini kabisa ya njia ya kwenda kivukoni. Nyekundu ni njia hiyo ikiwa imefunikwa. Kigezo ni njia ya kuondokea, kwa sababu sakafu ya dungu inaweza kuwa kavu bado huku njia imeshakatika, na aliyebaki juu ya dungu yuko kisiwani.

Septemba: kadi 30

Utabiri wa Vuli umetoka. Unasema, kama kawaida, mvua za chini ya wastani, wastani au juu ya wastani, kwa uwezekano. Shida ni kwamba "wastani hadi chini ya wastani" inasikika kijijini kama "hakuna mvua", na msimu ukinyesha watu wanasema wamedanganywa.

Zoezi la kadi ndilo linalofanya kazi. Inachukuliwa jumla ya mvua ya msimu kwa miaka 30 kutoka kituo cha karibu, kila mwaka kwenye kadi yake. Washiriki wanazipanga chini kutoka mvua ndogo hadi kubwa, kisha wanazikata makundi matatu ya kadi 10. Kundi la katikati ndilo wastani. Hapo kila mtu anaona kwa macho kwamba wastani si namba moja, ni upana, na kwamba ndani ya chini ya wastani kuna miaka waliyovuna vizuri. Wazee wanasimama juu ya kadi za miaka wanayoikumbuka na kueleza. Ubishi unaozuka hapo una thamani kuliko mada yoyote ya darasani.

Kisha inafanywa bahasha ya kadi 20. Kwa utabiri wa mfano wa asilimia 45 chini, 35 wastani na 20 juu, kadi 9 ni za chini, 7 za wastani, 4 za juu. Kila kikundi kinaamua kwanza kitapanda nini na wapi, ndipo mtu anachomoa kadi moja bila kuangalia. Inarudiwa mara 10, na matokeo yanaandikwa. Kadi ya juu ya wastani inatoka mara kadhaa, na kikundi kilichoweka kila kitu kwenye mbegu ya ukame kinaona hasara yake. Baada ya raundi ya tano hivi watu wanaacha kuuliza "utabiri umesema nini" na kuanza kuuliza "tukikosea, tunabaki na nini". Swali hilo ndilo mpango.

Viashiria vya jadi vimeandikwa kando ya utabiri: maua ya miembe, kuonekana kwa ndege wa msimu, siku kaskazi inapoanza kuvuma. Kila kiashiria kina tarehe na jina la aliyekiona. Hakuna kinachodharauliwa wala kinachoaminiwa bure. Baada ya misimu kadhaa daftari litasema kipi kinaendana na nini.

Oktoba: utabiri wa hapa hautoshi

Hapa ndipo penye uzito wa mradi mzima.

Rufiji ya chini ina Vuli, Oktoba hadi Desemba, na Masika, Machi hadi Mei. Lakini maji ya mto hayanyeshi hapa. Mto Rufiji unakusanya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu, na zaidi ya nusu ya maji yake yanatoka Kilombero, chini ya milima ya Udzungwa na nyanda za Mahenge na Njombe. Huko mvua ni za msimu mmoja, Novemba hadi Aprili, ambazo TMA inazitolea utabiri wake peke yake, ule wa Msimu, kwa kawaida Oktoba. Kwa hiyo mkulima wa bondeni anahitaji tabiri mbili: ya Pwani kwa ajili ya kuotesha, na ya Morogoro, Iringa, Njombe na Ruvuma kwa ajili ya mto. Pwani inaweza kutabiriwa ukame na mto ukajaa. Pwani inaweza kunyesha na mto usipande, mlau ukakosekana.

Habari za El Niño nazo zisomwe kwa uangalifu huo huo. Nguvu yake ni kubwa zaidi kwenye Vuli ya kaskazini na pwani kuliko kwenye Msimu wa nyanda za kusini. Joto la Bahari ya Hindi nalo lina sauti yake: upande wa magharibi ukiwa na joto kuliko wa mashariki, Vuli huwa kubwa, kama ilivyokuwa 2019. Kusema "ni mwaka wa El Niño, mto utajaa" ni kuruka hatua mbili.

Halafu kuna bwawa. Bwawa la Julius Nyerere, la mitambo ya megawati 2,115, lilianza kujazwa Desemba 2022, nalo limebadilisha kazi ya kuusoma mto. Mafuriko madogo ya mapema linaweza kuyameza. Likijaa na maji yakaendelea kuingia, maji hayana budi kufunguliwa, na mto wa chini unapanda kwa ratiba ya milango kuliko ya mawingu. Zamani wazee walijua maji yanakuja kwa rangi ya mto kuwa nyekundu na kwa magogo na povu. Bwawa linatega tope na magogo. Maji yanayotoka mlangoni yanaweza kupanda yakiwa meupe, bila ile dalili ambayo vizazi vimeitegemea. Hili limeelezwa katika kila kitongoji, na ndilo lililowanyamazisha watu kuliko yote.

Hatua iliyochukuliwa: kila kijiji kimeandika barua, kupitia kata na halmashauri, kuomba taarifa ya kufungua milango imfikie mtendaji moja kwa moja, si kwa kupitia tangazo la jumla tu, ikiwa na kiasi cha maji, saa ya kuanza na muda unaotarajiwa. Nakala imekwenda Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, Iringa. Kila taarifa itakayopokelewa itaandikwa saa yake, na saa ambayo kila ubao utaanza kupanda. Kwa njia hiyo vijiji vitapata muda wao wa safari ya maji kutoka bwawani, uliopimwa.

Novemba: maamuzi, shamba kwa shamba

Mashamba yamegawanywa kwa kimo, si kwa mmiliki: ukanda wa juu, ukanda wa kati, na mabonde ya kina. Afisa ugani alikuja na mbegu ya mpunga ya SARO 5 kwa wote. Kwa ukanda wa juu ni chaguo zuri, inakomaa kwa takriban miezi minne na inazaa. Kwa mabonde ya kina ni hatari, kwa sababu ni mpunga mfupi. Maji yakipita kichwa chake kwa zaidi ya wiki moja au mbili unaoza. Huko zinabaki mbegu ndefu za asili, ambazo zinaweza kurefuka na maji yanayopanda polepole. Mahindi ya mbegu za TMV-1 na Staha yanawekwa ukanda wa kati kwa mvua za Vuli, yavunwe kabla ya maji ya Machi.

Kanuni ya kupanda: mvua ya jumla ya milimita 20 ndani ya siku tatu kwenye kipimo cha kitongoji, na utabiri wa siku tano wa TMA usioonyesha ukavu. Mvua ya kwanza chini ya hapo inaotesha mbegu na kuiua. Theluthi moja ya mbegu inabaki ghalani hadi wiki tatu zipite. Hakuna kipengele kilichopingwa kama hiki, kwa kuwa mbegu iliyo ndani wakati kuna njaa inaliwa. Suluhisho la kitongoji kimoja limeigwa na vingine: mbegu ya akiba inawekwa kwenye mifuko ya kinga njaa, yenye tabaka tatu, katika nyumba ya jirani wa ardhi ya juu, na kila mmoja anashika ya mwenzake.

Desemba

Mipango imepitishwa na mikutano mikuu. Vipengele vya fedha vimeingizwa kwenye mpango wa kijiji sasa, kabla ya halmashauri kufunga makisio, maana mwaka wa fedha unaanza Julai 1 na ombi la Machi linasubiri mwaka mwingine. Vimewekwa vitu vinavyonunulika: rangi, saruji, kamba, betri za kipaza sauti, vidonge vya kutibu maji. "Kujenga uwezo" kumefutwa kote.

Januari: hesabu ya mitumbwi

Daftari la madungu limerudiwa kwa miguu, na tofauti na lile la Julai ni kubwa, hasa kwa watoto wadogo.

Kisha hesabu ambayo kila kamati imeifanya kwa namba zake. Mfano: watu 180 wako ng'ambo, kuna mitumbwi 6, kila mmoja unabeba abiria 5 mbali na mpiga kasia, kwenda na kurudi ni dakika 40. Mzunguko mmoja unavusha watu 30, inahitajika mizunguko 6, dakika 240, yaani saa 4. Ongeza muda wa mjumbe kufika dungu la mwisho, tuseme saa 2, na muda wa kufunga mizigo na kutembea hadi kivukoni, saa 2 nyingine. Ni saa 8, na zote zinatakiwa za mchana, kwa kuwa kuvuka usiku kwenye mto unaopanda ni kuzamisha watu. Mizigo haimo. Gunia moja la mpunga linachukua nafasi ya mtu.

Kutokana na hesabu hiyo, agizo la kuondoka limesogezwa kutoka nyekundu hadi machungwa, na imeongezwa kanuni ya kasi: mto ukipanda sentimita 20 ndani ya saa 12, rangi inayofuata inahesabiwa imeshafika. Watoto, wajawazito na wazee wanavuka njano.

Februari: ujumbe na zoezi

Mfuatano wa taarifa: msomaji wa ubao, mtendaji, wenyeviti wa vitongoji, wajumbe wa madungu, kila mjumbe madungu yasiyozidi 10. Mjumbe naye analala bondeni. Ujumbe wa simu umeandikwa tayari, usiozidi herufi 160 ili usikatwe vipande viwili:

*MAJI RUFIJI: alama ya MACHUNGWA saa 12 asubuhi, yanapanda. Vuka leo kabla ya saa 9 alasiri. Chukua mbegu, dawa, kadi. Kivuko cha juu. Mtendaji.*

Toleo la kwanza lililopendekezwa na wataalamu lilikuwa na mita za ujazo kwa sekunde. Mtu aliye dunguni haihitaji namba hiyo. Anahitaji saa, kivuko na vitu vya kubeba. Kadi ni ya kliniki ya mtoto, ya matibabu na ya mpiga kura, zote zikae ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa tangu sasa.

Sehemu kubwa ya bonde haina mtandao, hivyo ujumbe wa simu ni nyongeza. Chombo kikuu ni bendera ya rangi juu ya mlingoti kivukoni, ngoma kwa mapigo yaliyokubaliwa, na kipaza sauti cha msikiti kwa walio juu. Zoezi la majaribio limeonyesha udhaifu kwenye ngoma: upepo ukivuma kutoka upande wa madungu sauti haifiki, na mapigo yanafanana na ya ngoma za sherehe. Mapigo yamebadilishwa kuwa matatu na kimya kirefu, na kila mjumbe amepewa filimbi.

Machi na Aprili

Wasomaji wa mto sasa wanasoma mara mbili, saa 12 asubuhi na saa 12 jioni. Mara nne rangi ikifika njano. TMA ikitoa angalizo la mvua kubwa, ambayo kwao ni zaidi ya milimita 50 ndani ya saa 24, vijiji vinaangalia kwanza limetolewa kwa mikoa ipi. La Pwani linahusu matope ya njia na mapaa. La Morogoro linahusu mto, baada ya siku kadhaa.

Maji yamefika njano na kukaa. Walio kwenye orodha ya kwanza wamevushwa. Baadhi ya kaya zimelalamika kwamba wanawake wajawazito wamekaa juu bila chakula cha kutosha wakati mpunga uko ng'ambo. Ni lalamiko la haki. Kuondoka mapema kuna gharama, na mpango usioilipa gharama hiyo unatumika mara moja tu. Kamati zimetenga debe mbili za mahindi kwa kila kaya iliyovuka kwa agizo la njano, kutoka ghala la pamoja.

Maji ya kunywa kwenye kituo cha waliovuka: kidonge cha kutibu maji cha miligramu 67 kwa lita 20, maji yakiwa yamechujwa kwa kitambaa na kutulia, kisha dakika 30 za kusubiri. Ukiweka kidonge kwenye maji ya tope, dawa inaliwa na tope na kipindupindu kinabaki.

Ulinzi hauishi Aprili 30. Kimbunga Hidaya kilifika karibu na Mafia Mei 4, 2024, wakati wengi walishahesabu msimu wa vimbunga umekwisha, na barabara ya kwenda Lindi ikakatika Kilwa. Kwa wavuvi wanaoshuka hadi delta, angalizo la upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita 2 linabandikwa kivukoni hadi mwisho wa Mei.

Juni: mlau na marekebisho

Maji yameshuka. Vibao vinasomwa bado, safari hii kwa ajili ya kupanda: kila ukanda unapotoka majini tarehe yake inaandikwa, na mahindi ya mlau yanawekwa ndani ya wiki moja, kabla uso wa udongo haujapasuka. Afisa ugani anachukua sampuli za udongo pale pale kila mwaka, kwa sababu bwawa linalotega tope linatega na mbolea, na vijiji vinapaswa kujua mapema rutuba ikianza kushuka.

Vilivyobaki kabla ya Vuli: ubao wa tatu wa kijiji cha mashariki umeinama na utapimwa upya kutoka kwenye msumari, orodha ya taarifa za milango ya bwawa na saa za kupanda kwa mto inapelekwa halmashauri pamoja na barua ya pili, na mitumbwi miwili ya kijiji cha mwisho inahitaji kuzibwa kwa pamba na lami kabla ya Novemba, maana kwa mitumbwi minne hesabu yao ya kuvuka inapita saa za mchana.